Vidole

Jumatatu na Alhamisi, baada ya laasiri,
napanda ngazi zenye giza za nyumba ya Kibokoni
na kompyuta niliyoazima kwa shemeji.
Bi Mwanamize Shee huniita, "Karibuni, vidole vyangu."
Jina langu ni Katana. Alilijua mwaka jana.

Mtoto wa jicho keshalifunika la kulia;
la kushoto, asema, limebaki la kuhesabia chenji.
Kabatini mna ngao mbili za mbao
na picha ya siku ya tuzo: gauni la buluu,
na mkono wa waziri uliokatwa na fremu.
Riwaya yake ya kwanza ilitahiniwa miaka sita.
Mjini humu wamo mahakimu, wamo makuli,
wanaoweza hadi leo kukutajia
sifa tano za mhusika mkuu, kwa mifano,
wasijue mwandishi yu hai au alishazikwa.

Mwezi wa tatu ilifika hundi ya mrabaha:
elfu nne, mia tatu na kumi.
Akalipa maji. Akanunua dawa ya matone.
Akanipa mia tano, nikakataa,
akaniambia mtu hakatai pesa ya fasihi,
haiji mara mbili.

Nakala yake mwenyewe hana.
Aliiazimisha, ikaenda na mwazimaji.
Nikamnunulia moja Mwembe Tayari, chini, juu ya gunia,
chapa ya wizi, gundi yanuka bado.
Akaipapasa mgongo kama mtu apimaye samaki.
"Nisomee sura ya nane."
Nikafungua. Kurasa kumi na sita hazimo.
Sura ya saba yaishia katikati ya neno,
kisha ni harusi, watu wanakula.
Nikamwambia.
Akacheka mpaka leso ikamwanguka begani.
"Mhariri niliyemuomba miaka thelathini
kumbe ni huyu mwizi! Sura ile ilikuwa maji matupu."

Riwaya ya sasa aitamka, mimi napiga chapa.
Haina jina bado. Ina Idarusi,
karani wa forodha, mtu wa mihuri,
anayetaka kumuacha mkewe na hajui aanzie wapi.
Sura ya kwanza, Idarusi. Ya pili, ya tatu, ya nne.
Ya tano, akivua viatu mlangoni,
Idarusi akawa Mselem.

Mselem alikuwa mumewe.
Yumo pichani, ukingoni, kalamu mfukoni mwa shati.
Alikwenda hospitali ya Makadara kwa miguu yake.

Nikambadilisha, kimya kimya.
Yeye akisema Mselem, mimi naandika Idarusi,
mara kumi na tisa jioni ile,
nikashuka ngazi nikijiona mtu mwema.

Alhamisi nikamsomea:
"Idarusi akavua viatu, akavipanga ukutani—"
"Nani huyo?"
"Karani wako, Bi."
"Karani wangu hapangi viatu.
Karani wangu huvitupa, mkewe akavikwaa,
sura ya pili, hukuandika?"
Niliandika.
"Basi aliyepanga ni mwingine. Amekuja mwenyewe.
Wamfukuziani mtu aliyekuja kwake?"

Sikujua kama ule ni usahaulifu
au ndio ufundi wenyewe, ule wa ngao mbili.
Sikuuliza. Nikamrudisha Mselem,
mara moja, mara ya pili, ya kumi na tisa,
na kila nilipomrudisha
chumba kilizidi kuwa kidogo.

Stima ikapotea. Mtaa mzima ukaguna.
Betri asilimia kumi na moja.
Nikamwambia, Bi, tumalizie Jumatatu.
Hakunisikia, au alinisikia.

"Andika. Mselem aingia ndani.
Auliza kama chai ipo."

Kisha akanyamaza.
Chini mtu aliburuta mtungi wa gesi.
Asilimia tisa.
Uso wake ulielekea mlangoni, si kwangu,
na vidole vyake halisi, vile vya zamani,
vilikuwa vinasogea juu ya leso, taratibu.

"Andika," akasema.
"Ipo."